Pipa Nililolifungulia Kila Mgeni

Nakumbuka asubuhi niliyolibeba pipa begani kutoka misheni hadi nyumbani kwa shangazi yangu, nikipanda kilima huku napiga mluzi, na umande wa Iringa ukinilowesha suruali mpaka magotini. Lilikuwa pipa dogo la mbao lenye mikanda ya chuma, lililokuja na divai ya misa. Divai ilipokwisha, mapadri waliliweka nyuma ya jiko, kuku wakapata mahali pa kulala. Niliwatengenezea mapadri mlango wa banda, nao wakaniambia nilichukue. Nilijiona tajiri.

Mwanangu, juzi uliniuliza mtu aanzeje kuweka pombe ya nyumbani kwenye pipa wakati mfuko hauna kitu. Nitakujibu vizuri, maana kazi hii naijua. Kilabu changu pale Mwanjelwa kiliwapa watu kinywaji safi mpaka miguu yangu ilipokataa kusimama, na hakuna aliyerudisha kikombe. Lakini siwezi kukufundisha pipa nikaiacha siku ya Igawa. Niliyoyajua kabla ya siku ile yalikuwa ya kitabuni. Yaliyonilisha mimi na watoto wangu niliyapata baada yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, na kwetu milimani waliofika huko walikuwa wachache. Nilipata kazi ya ukarani kwenye ghala la tumbaku, nikajiona mtu mkubwa. Nilivaa soksi hata nikienda mtoni. Pombe ya kienyeji sikuigusa. Si kwamba dini ilinikataza, wala si kwamba nilimwahidi mtu. Niliona tu kwamba kijana aliyesoma hunywa chai yenye maziwa, na pombe ni ya wale walioshika jembe. Ukumbuke hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Shangazi Agnesi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Alikuwa mpishi wa pombe ya ulezi, na mwenye shughuli alimtafuta yeye kwanza kabla hajamtafuta mtu wa kuchinja. Kimea chake alikiotesha mwenyewe, akakianika mwenyewe, na pombe yake aliitia asali kidogo ya Chunya ili isichache upesi. Pombe za wengine zilidumu siku moja au mbili. Ya shangazi ilikaa zaidi, na hakuna aliyejua kiasi cha asali alichotia.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Lidia, dada wa kijana niliyesoma naye. Kwao ni Igawa, chini kwenye tambarare za Usangu. Mazungumzo yote yalikuwa yamekwisha, likabaki jambo moja: tupeleke pombe, wazee wa kwao wainywe, kisha watamke mbele ya watu kwamba binti wametupa. Wasipotamka hivyo hakuna ndoa, hata kama mengine yote yametimia.

Shida ilikuwa njia. Mitungi ilisafirishwa kwa lori juu ya magunia, na barabara ya wakati ule ilikuwa mashimo na vumbi. Mwaka uliotangulia, jirani yetu mmoja alifika ukweni na vigae mkononi na suruali inayonuka pombe. Mimi nikasema hayo hayatanipata. Nitapeleka pombe ndani ya pipa.

"Pipa halioni," alisema shangazi, akiligonga kwa vidole. "Mtungi naufunua, naangalia povu, najua kinachoendelea. Humu nitaangalia nini?"

"Shangazi, wazungu wanaweka humu divai inayovuka bahari."

"Wazungu wana babu zao wa kuwafundisha mapipa. Babu yako alikufundisha nini?"

"Kemia nimesoma shuleni."

"Haya, Kemia. Mtoto akiamua kulala na fisi, mama anamtafutia blanketi." Akacheka, akaenda kuloweka ulezi.

Nisijidharau sana, mwanangu, kuna niliyoyafanya vizuri. Pipa lilikuwa limekauka kwa jua, na nilipolitia maji yalitoka kila mahali kama kwenye ungo. Wengine wangelichoma kuni. Mimi nililizamisha mtoni nikalifunga kwa kamba kwenye mzizi, nikaliacha mpaka mbao zikanywa maji, zikavimba, zikabanana. Nikalisuuza kwa maji ya moto mpaka maji yakatoka hayana rangi wala harufu. Koki ya shaba ilikuwa dukani lakini sikuwa na uwezo nayo, nikakata kipande cha mwanzi mkavu, nikakipachika chini ya pipa kwa nta ya nyuki, nikakiziba kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Hakikuvuja hata tone. Mpaka leo nakwambia: mwanzi na nta vinatosha kwa mtu anayeanza.

Shangazi akachuja pombe yake, ikajaa pipa mpaka shingoni. Akachota kwenye kata, akaninyooshea.

"Onja."

"Wewe onja, shangazi. Mkono ni wako."

"Mimi nimeonja. Inakwenda ukweni kwako, si kwangu. Onja ujue ikoje leo, ili kesho ujue kama imebadilika."

Nikaipeleka kata mdomoni nikalowesha mdomo tu, nikasema nzuri. Alinitazama, akaipokea kata.

Hapo ndipo ulipoanza upuuzi wangu. Habari za pipa zilienea, watu wakaja kuliona. Na mimi, mwanangu, nilipenda kuonwa. Kila mgeni aliyeingia nilimfungulia kizibo cha juu anuse, kisha nilivuta kijiti cha chini, pombe ikatoka kwenye mwanzi kama maji ya bomba la mjini, watu wakapiga makofi. Nikampa kikombe. Akija mwingine, vilevile. Mwalimu wa katekisimu alikuja, akarudi na mkewe. Makarani wenzangu walikuja wamevaa tai. Walinisifu, na waliokunywa walisema nzuri, kwa kuwa siku za mwanzo ilikuwa nzuri kweli.

Kila kikombe kilichotoka chini, juu kiliacha nafasi, na ile nafasi ikajaa hewa. Pombe inayochemka taratibu inajilinda yenyewe kwa pumzi yake. Ukiifungulia mlango kila saa, pumzi ile inatoka, hewa inaingia, na hewa inaigeuza kuwa siki. Ningeonja ningejua. Lakini mimi nilikuwa mtu wa chai. Nilikuwa kama mtu anayeuza viatu pasipo kujua vinabana wapi.

Siku ya safari tulipanda lori, mimi, shangazi na Mzee Filipo, jirani aliyekuwa mshenga wetu. Mzee Filipo alikuwa na mdomo mwepesi, na ndiyo sababu alichaguliwa. Pipa tulilifunga kwenye ubavu wa lori, nikalifunika gunia lililoloweshwa. Tulipoteremka kutoka milimani joto likapanda, gunia likakauka, na ndani ya pipa pombe ilikuwa inatikisika, maana sasa ilikuwa nusu na kidogo.

"Mbona linabwabwaja?" aliuliza Mzee Filipo. "Pombe iliyojaa hainung'uniki hivyo."

"Ni wageni," alijibu shangazi kwa niaba yangu. "Wageni wamepita humo."

Igawa walitupokea vizuri. Salamu zilikuwa "Kamwene!" upande huu, "Kamwene!" upande ule, tukaketishwa uani. Wazee walikaa kwenye vigoda, na katikati yao Mzee Yosia, babu yake Lidia, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa, aliyesikia kila kitu na kusema kidogo. Wanawake walikaa upande wa jikoni, na Lidia ndani pamoja nao.

Sasa ujue desturi mbili. Ya kwanza, aliyeleta pombe ndiye anayeionja kabla ya wote, mbele ya macho ya wote. Watu wa huku hawanywi kitu ambacho mwenyewe hajakinywa, na hasa kitu kilichofungwa wasichoweza kukichungulia. Ya pili, mchumba hasemi. Siku ile yeye ni kama gogo. Mshenga wake ndiye mdomo wake, na mchumba akitia neno, ukoo mzima unaonekana haukumfunza.

Mzee Yosia akalitazama pipa, akaligonga.

"Mshenga, hiki ni nini? Mmetuletea pombe au mmetuletea mafuta ya kulainisha gari?"

"Pombe, mzee. Kijana wetu amesoma. Kwa waliosoma hata maji yanavaa koti."

Wakacheka. Kijiti kikavutwa, kata ikajaa. Mzee Yosia akainyooshea upande wetu. Ilipaswa nionje mimi. Lakini harufu ilikuwa imenifikia, mwanangu, harufu kali inayopanda puani, na mkono wangu ukabaki gotini. Shangazi akaniona. Akanyoosha mkono wake, akaichukua ile kata.

Alikunywa mpaka chini. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, nikaona shingo yake ikimeza, mara ya kwanza, mara ya pili, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kanga, akasema kwa sauti iliyotulia:

"Wazee wangu, haina ubaya wa kumdhuru mtu. Lakini imechacha. Pombe hii ni mkono wangu, na safari hii mkono wangu umekosea. Nadhani kimea hakikukauka sawasawa. Mnisamehe mimi, kijana hana kosa."

Mzee mmoja akajimiminia kidogo, akaonja, akatema pembeni. Wanawake wa jikoni wakaanza kunong'ona, na nilisikia mmoja akisema wazi, "Huyu ndiye Agnesi wanayemsifu?"

Na mimi nikanyamaza. Desturi ilinipa kisingizio kizuri kabisa: mchumba hasemi. Ningekaa hivyo hivyo, shangazi abebe lawama, Mzee Filipo atie utani wa hapa na pale, tuombe siku nyingine, na mimi nibaki kijana msomi asiye na doa. Nilikaa na wazo lile. Sikukaa nalo muda mrefu kwa saa ya ukutani, lakini nilikaa nalo, na ndilo ninalojutia kuliko pombe yenyewe.

Kisha nikasikia sauti yangu inasema, "Si kweli."

Mzee Filipo alinifinya paja. Nikaendelea.

"Pombe ya shangazi ilikuwa nzuri. Ilitoka kwake ikiwa nzuri. Mimi ndiye niliyeifungua kila siku niwaonyeshe watu pipa langu, nikaiingizia hewa, nikaigawa mpaka ikabaki nusu. Na sikuionja hata siku moja, kwa sababu niliona si kinywaji cha mtu kama mimi. Nimewaletea kitu nisichokijua."

"Mshenga," alisema Mzee Yosia polepole, pasipo kunitazama, "kijana wako ana mdomo."

"Anao, mzee. Tulimwambia auache nyumbani, nadhani umedandia lori nyuma yetu."

Hakuna aliyecheka sana. Mzee Yosia akaijaza kata mwenyewe, akaisogeza mbele yangu.

"Kunywa."

Nikainywa yote. Mwanangu, ile siki niliisikia masikioni. Machozi yalinitoka, nikakohoa, shangazi akanipiga mgongoni kama nilipokuwa mtoto. Mzee Yosia akasubiri nimalize.

"Sasa umeijua," alisema. "Nisikilize. Pipa lako si baya. Nimeligonga, ni zuri, halivuji, na mkono uliolitengeneza una akili. Ubaya ni kwamba ulipenda kumimina kuliko ulivyopenda unachomimina. Mtu anayewapa wenzake kitu ambacho yeye mwenyewe ameona hakimfai, amewadharau, hata akiwapa kwa tabasamu. Ulituona sisi ni watu wa kunywa kile usichoweza kunywa wewe. Nimpe mjukuu wangu mtu wa namna hiyo? Atampikia chakula, nawe utakula kwingine?"

Nikaiweka kata chini mbele yake.

"Siku ya leo hatutamki neno," akasema. "Lakini hatulifuti. Baada ya mavuno mje tena. Na pipa hilo hilo. Sitaki mtungi. Na atakayeonja kwanza tunamjua."

Tulipokuwa tunapanda lori la kurudi, Lidia alitokea nyuma ya nyumba na ndizi za njiani, akapiga magoti akampa shangazi. Mimi akaniambia maneno machache tu, akitazama gurudumu la lori: "Ningesikia umenyamaza mpaka mwisho, hata kama babu angesema ndiyo, mimi ningesema hapana."

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Lakini lile neno la kwanza, la shangazi kusema mkono wake umekosea, lilisafiri upesi kuliko la kwangu. Madereva walilipandisha milimani kabla yetu. Msimu ule watu wa kijijini walianza kumpita shangazi na kwenda kwa wapishi wengine. Nilipita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba kosa ni langu, na watu waliitikia kwa upole, kama watu wanaomsikiliza mtoto anayemtetea mama yake. Yeye hakunilaumu. Lakini nilimwona akikaa jioni karibu na mitungi mitupu, mikono mapajani, mtu aliyezoea kuitwa na sasa haitwi. Laiti ningesema kabla hajaifikia ile kata! Ningenyoosha mkono wangu tu.

Baada ya mavuno ya ulezi tulianza upya. Safari hii pombe niliionja kila hatua, kutoka uji mpaka iliyochujwa, na shangazi akinifundisha: hapa bado ina utamu, hapa utamu unaondoka, hapa imekaa. Tukajaza pipa mpaka shingoni. Kemia yangu nayo ikapata kazi. Nilitoboa kizibo, nikapachika kimwanzi chembamba, ncha yake nyingine nikaizamisha kwenye kikombe cha maji, pumzi ya pombe ikawa inatoka kwa vipovu na hewa ya nje haiingii. Shangazi alikaa akitazama vipovu vile kwa furaha. "Sasa pipa linaona," akasema. Vilipopungua tukaliziba tundu lile kwa kijiti chembamba, na njiani kila lori liliposimama nilikilegeza kidogo, pipa likapiga mluzi, nikakibana tena. Wageni walikuja kuliangalia pipa, niliwapa chai.

Igawa sikusubiri kunyooshewa kata. Nilijaza, nikanywa yote, nikaijaza ya pili na kumpa shangazi kwa mikono miwili, kabla ya mzee yeyote. Mzee Yosia alikunywa, akafumba macho, akanywa tena.

"Mama Agnesi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "mkono wako haujakosea." Ndipo akageuka kwa mshenga kulitamka lile neno tulilolifuata. Lori lililofuata lilipanda milimani na habari hiyo, na kabla ya Krismasi shangazi alikuwa haonekani nyumbani kwa kuitwa.

Basi, mwanangu, anza hivi. Tafuta pipa dogo, si kubwa, uweze kulijaza lote kwa upishi mmoja. Uliza limebeba nini. La divai ni zuri. Lililobeba mafuta ya taa au dawa za mgodini usilipokee hata ukipewa bure. Yapo mengi upande wa Chunya, na hakuna maji ya moto yatakayoliosha. Lililokauka lizamishe majini mpaka livimbe. Bomba la mwanzi na nta vitakutosha mpaka biashara yenyewe ikununulie koki. Lipachike juu kidogo ya kitako, machicha yabaki chini. Jaza mpaka shingoni, ipe pombe njia ya kupumua kupitia majini, liweke kivulini na gunia lenye unyevu. Siku ya kulifungua, hakikisha watu wa kulimaliza wapo, maana pipa lililofunguliwa halingoji kesho.

Na kabla ya hayo yote, onja. Usimpe mtu kikombe ambacho wewe umekiona hakikufai. Kikiharibika, sema ni wewe, na useme mapema, kabla anayekupenda hajanyoosha mkono kukinywa badala yako.

Mungu akupe mikono yenye subira kama ya Agnesi, na ulimi usiochelewa kama wangu ulivyochelewa. Pipa lako lijae, lisivuje, na wanaokaa kulizunguka wainuke wakiwa marafiki. Nenda, mwanangu. Ukilifungua la kwanza uje unichukue, nami nitakunywa baada yako.